Marehemu Gaudiosus Byabato, Mlinzi wa Msonge wa Rwenkende

Padre, ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni. Mimi ni Elpidius Ndyamukama, mwalimu, kutoka Nyakahanga. Marehemu alikuwa shemeji yangu. Alimwoa dada yangu Adelgunda. Nimeombwa kusoma wasifu huu kwa sababu ndugu zake wa damu wamesema macho yao hayaoni vizuri siku hizi. Yangu yanaona.

Marehemu Gaudiosus Byabato alizaliwa tarehe 11 Septemba 1908 hapa Rwenkende, Nyakakika, mtoto wa kwanza wa mzee Byabato na mama Eugenia. Baba yake alikuwa mlinzi wa msonge mkubwa wa Rwenkende, nyumba ya majani ambamo ngoma za watawala wa zamani zilitunzwa. Ulinzi huo ulirithiwa katika ukoo wao, na desturi yake kubwa ilikuwa moto. Mke wa mlinzi alikoka moto katikati ya nyumba, nao haukuzimwa masika wala kiangazi, maana moshi ndio uliokausha paa na kuwazuia mchwa wasipande nguzo. Marehemu alilijua jambo hilo kabla hajajua Baba Yetu. Naomba mlikumbuke ninapoendelea.

Alisoma katekisimu, kusoma na kuandika katika shule ya misheni kuanzia mwaka 1919 hadi 1923. Alikuwa na akili nyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Inasimuliwa kwamba aliwahi kuwagawia wenzake maji ya kijito akisema ni maji ya baraka, naye akapewa ndizi mbivu kwa shukrani. Padre wa wakati ule alipogundua alicheka mpaka akasahau kumchapa. Nadhani angemchapa tu.

Baba yake alifariki mwaka 1930, marehemu akashika ulinzi. Tarehe 6 Juni 1931 alifunga ndoa na dada yangu. Adelgunda alikuwa mrefu, mcheshi, na hodari wa kutengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mama yetu alilia siku ya kumtoa, baba akamwambia asilie, binti anakwenda kwa watu wenye heshima. Walijaliwa watoto wawili, Deodatha na Rwegasira. Kwa miaka mingi dada yangu alitunza moto wa msonge, nguo zake zikanuka moshi hata kanisani, na hakuwahi kulalamika.

Baada ya vita, mwaka 1946, alifika Mzungu mmoja mstaafu aliyependa mambo ya kale, ambaye wote tulimwita Bwana Miwani. Alianza kuleta wageni kwa gari kutoka Bukoba waje kuona msonge. Alimpa marehemu koti la kaki na kofia nyekundu yenye beji ya shaba. Kazi hiyo ilimkaa vizuri. Alichonga kigoda, akakifukiza jikoni hadi kikawa cheusi, akawaambia wageni kwamba ndicho walichokalia watawala. Mama mmoja wa Kizungu alikipigia magoti akatokwa na machozi. Tulicheka sana siku ile. Hata Adelgunda alicheka.

Mwaka uliofuata Bwana Miwani aliingia ndani, akaona moto, akashtuka. “Gaudi, moto hapana,” alisema. “Nyumba ya zamani sana. Moto hapana kabisa.” Akapigilia mlangoni kibao cha bati cha kukataza moto. Marehemu angeweza kumweleza. Alikuwa na mdomo wa kuwaliza wageni kwa kigoda, angeshindwaje kusema neno moja kuhusu moshi? Lakini aliivua kofia, akasema, “Ndiyo, Bwana,” akauzima moto kwa maji mbele yake.

Nilikuwapo siku dada yangu alipomsihi. Ilikuwa masika ya mwaka 1950.

“Baba Deodatha, mchwa wamefika kwenye paa. Niruhusu niwashe moto wageni wakishaondoka. Nani atajua?”

“Atanusa. Unataka nivuliwe kofia?”

“Kofia itakaa wapi nyumba ikianguka?”

“Nyamaza, mwanamke. Nyumba ni ya ukoo wangu, si ya kwenu.”

Alijua anachokifanya. Alipobonyeza nguzo ya katikati, kidole gumba kiliingia. Badala ya kuibadilisha aliivisha kitambaa cha magome ya mti kuanzia chini hadi juu, na wageni wakamsifu kwa pambo hilo.

Jumapili tarehe 22 Aprili 1951, baada ya mvua ya usiku kucha, wageni walitarajiwa mchana. Marehemu alimtuma mkewe aingie atandaze majani laini sakafuni. Dada yangu alimwambia nguzo inalia. Akamjibu, “Basi tandaza upesi.” Aliingia, na msonge ukamwangukia.

Tulipomtoa alikuwa ameshafariki. Bwana Miwani aliposhuka garini, marehemu alimwonyesha majivu palipokuwa na moto zamani, akasema, “Mke wangu aliwasha kwa siri, Bwana. Ameunguza nguzo.” Nilitazama majivu yale. Kila kitu kililowa chapachapa, majivu tu ndiyo makavu. Nilisema hivyo mbele ya wazee wa ukoo huu, wakaniambia mfiwa haoni sawasawa. Kofia ilibaki kichwani pake. Dada yangu aliambiwa hafai kuzikwa kwenye kibanja hiki, shamba la ukoo, tukarudishiwa maiti yake Nyakahanga kama chungu kilichovunjwa na mkopaji. Mama yetu hakutoka tena nyumbani. Na watu waliokuwa wameleta posa kwa Deodatha walirudi kuichukua, wakisema hawataki binti wa mwanamke aliyebomoa nyumba ya ngoma.

Mwaka 1952 msonge mwingine ulijengwa, huu mnaouona. Safari hii Bwana Miwani mwenyewe aliagiza moto uwashwe, kwa sababu wageni walipenda kupiga picha za moshi. Marehemu alisema, “Ndiyo, Bwana.” Tarehe 8 Novemba mwaka huohuo alimwoa Celestina, anayeukoka moto huo mpaka leo.

Alianza kuugua kifua Januari mwaka huu wa 1957. Alitibiwa hospitalini, kisha akarudishwa nyumbani, na aliyemuuguza ni Deodatha. Wiki ya mwisho alimwambia binti yake kwamba majivu yale aliyachota mwenyewe jikoni kwa Adelgunda, akayabeba kwenye ungo chini ya koti, wakati sisi wengine tukifukua kwa mikono. Akamwomba jambo hilo lisisemwe mpaka awe ameshazikwa. Alifariki Jumamosi tarehe 3 Agosti, alfajiri.

Deodatha hakumwahidi. Aliniletea maneno hayo, nami nayasema sasa, jeneza likiwa bado juu, wazee walewale wakiwa wamekaa mstari wa mbele. Adelgunda hakuwasha moto. Mzee Byarugaba, wewe ndiye uliyetamka asizikwe hapa. Umesikia?

Marehemu ameacha mjane, Celestina, na mtoto wao mmoja, Felicitas. Ameacha pia watoto wawili wa Adelgunda: Deodatha, ambaye hajaolewa, na Rwegasira aliyeko Bukoba, ambaye alipelekewa habari za msiba akajibu kwamba ana kazi.

Deodatha ameniomba nimalizie kwa kumtakia baba yake pumziko la amani. Ninamtakia, kwa kuwa ameomba yeye.