Dakika Tano Anazima Mitambo

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutusikilizisha na kutunyamazisha, fundi mitambo wa makao makuu ya kanisa letu la Kipresbiteri anastaafu. Wahasibu humwita Mama. Wachungaji humwita Dakika Tano, ila humwita hivyo akiwa amewapa mgongo.

Jina hilo alilipata kihalali. Kanuni za Baraza Kuu, yaani mkutano wa kitaifa wa kanisa zima, zinampa kila mjumbe dakika tano za kuzungumza. Kabla hajaajiriwa, kanuni hiyo ilikuwa pambo tu. Yeye aliisoma akaiamini. Muda ukitimia, kidole kinashuka, kipaza sauti kinakata roho. Amewazimia wageni rasmi, wanasiasa waliokuja kutoa salamu, na Makatibu Wakuu watatu mfululizo. Mimi alinizimia nikiwa katikati ya kuomba niongezewe muda. Mumewe, shemeji yetu sote, anadai nyumbani yeye hajawahi kufikisha hata mbili.

Alikuta spika mbili zinazokoroma na kipaza sauti kimoja kinachopiga shoti kila kikishikwa na mkono wenye jasho. Leo mtu akipiga chafya mbele, safu ya mwisho wanamwombea afya.

Lakini kilichomkosesha raha miaka mingi hakikuwa spika. Kila Baraza Kuu vijana walikuja kuimba, kugawa chai na kupanga viti, halafu wakati wa kura wakaombwa watoke nje. Binti yake, kiongozi wa kwaya, akachoka. Akamwambia mama yake kwamba atarudi kanisani siku atakapoombwa maoni badala ya wimbo, na kweli akaondoka. Mama aliumia sana. Sisi tuliona viti vya vijana vinazidi kuwa vitupu, tukaunda kamati.

Basi Dakika Tano alikuwa na mazoea yake. Mafundi wengine hujaribu mitambo kwa kuhesabu moja, mbili. Yeye, ukumbi ukiwa mtupu, hupanda jukwaani, hujifanya mjumbe na kutoa hoja. Kwa njia hiyo alishapiga marufuku mahubiri marefu na kuwapa wake za wachungaji likizo yenye malipo. Mchana mmoja wa Baraza Kuu, wajumbe wakiwa wameenda kula, alipanda akatoa hoja kwamba kila presbiteri, yaani kila jimbo la kanisa, ilete kijana mwenye kura, kwa sababu kanisa linalowatoa watoto wake nje linapoamua kesho yao litabaki na viti vizuri visivyo na wa kuvikalia. Aliitoa kwa uchungu. Alisahau kwamba asubuhi ile ile alikuwa ameunganisha spika mpya bwaloni.

Hakuna kinachomtisha Mpresbiteri kama kikao kuanza bila yeye. Sahani ziliachwa. Mzee mmoja wa kanisa, mdomo umejaa, aliunga mkono akiwa bado mlangoni. Moderata, mwenyekiti wa Baraza Kuu, aliingia ukumbini na kitambaa cha mezani shingoni, akamkuta fundi wake peke yake jukwaani, anatamani ardhi ipasuke immeze. Baada ya kutafakari, Moderata akaamua kwamba hoja iliyokwisha kuungwa mkono haiwezi kurudishwa jikoni, na mjumbe halali akaibeba. Iliundwa kamati, bila shaka. Kamati ikazaa kamati ndogo. Miaka mitatu baadaye, hoja ikapita.

Mwaka huu binti aliingia ukumbini akiwa mjumbe. Hoja yake ilikuwa kwamba kijana mmoja mwenye kura akae katika baraza la wazee la kila ushirika. Wazee wengi walikuwa wamekunja mikono. Alianza vizuri, akanoga, akasahau saa, na ukumbi mzima ukageuka kumtazama mama yake. Nilikiona kile kidole kikisita juu ya kitufe. Nilitamani, kwa mara hii moja tu, aibe dakika.

Akamzima.

Binti hakukaa. Aliweka kipaza sauti mezani, akavuta pumzi, akaendelea kwa koo lake mwenyewe mpaka wapishi wakatoka kusikiliza. Moderata alipekua kanuni mbele na nyuma, akagundua kwamba zinataka kipaza sauti kizimwe, hazisemi mjumbe anyamaze. Mama alicheka huku machozi yanamtoka. Kura zilipoitwa, mikono iliyokunjwa ilikunjuka, na wa kwanza kunyoosha wake alikuwa yule mzee wa mlangoni, safari hii hana kitu mdomoni.

Asante, Mama. Kanisa ulilotuachia lina kelele nzuri kuliko ulilolikuta. Tunakutakia afya, usingizi wa asubuhi, na Jumapili nyingi za kukaa kiti kimoja na binti yako. Leo hafla ikifika zamu yako ya kutujibu, zungumza mpaka uridhike. Kitufe tumekificha.