Jina la Heri Mupagazi

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Zéphirin acha kuangalia mulango. Wenzako wa kule Salamabila watakungoja, mimi sitangoja. Shamba letu la kule Wamaza ni la mama yenu Pascaline mupaka siku yake, mutu asimusumbue. Medali yangu muizike ao muitupe, sina hamu nayo tena.

Linaloniumiza ni neno la askari wa akiba. Munajua desturi yetu sisi tuliotoka vita ya Tabora, tukajitolea kwa Wabelgiji kubaki akiba: kila mwaka tunajipanga Kasongo, tunaita majina ya wafu wetu. Aliyekufa mwisho anaitwa kwanza, na wa damu yake anamuitikia, "Iko!" Asiyeitwa, kwetu ni kama hakuzaliwa.

Miaka makumi ine mimi kaporali ndiye muita majina, na mudogo wangu Heri sikumuita hata siku moja. Alikuwa mupagazi. Alibeba kichwani sanduku la risasi zangu mimi, kuhara kukamuua njiani, tukamufunika majani, tukaenda. Tuliporudi, sarja akaniuliza wafu wa kompani. Nikataja askari, nikanyamaza. Niliona haya mbele ya wenye bunduki. Hakuna aliyenituma, ulimi ulikuwa wangu.

Mwaka wa tatu huu ninawaomba wenzangu wamuingize. Nimesema, nimelia, nimegombana na Gaston tuliyekula naye sahani moja, wapi! Wananirudishia maneno yangu, kwamba mupagazi si askari, maana sheria hiyo niliiweka mimi. Muchimba kisima huingia mwenyewe. Ninachoka, wanangu, kuwaomba watu waache ujinga niliowafundisha.

Basi Marcellin, mutoto wangu wa kwanza, nafasi ya aliyekufa mwisho hawawezi kuninyima, na muita majina sasa ni wewe, kwa kunirithi. Langu usiliite. Pahali pangu umuite Heri, na kwa sababu hakuacha mutoto, umuitikie wewe mwenyewe. Usinitazame hivyo. Ninajua ulitaka kusimama kwa jina la baba yako, kaporali wa Tabora. Watakutukana, usitoke katika mustari.

Apolline, mwanangu, maji... kidogo tu. Mungu awashike, awape watoto wasioona haya ya ndugu zao. Musigombane juu ya... shamba, nimeshasema.

Marcellin, umuite sasa, nisikie.

Kwa nguvu, mwanangu. Alikuwa anatembea nyuma kabisa.