Sheria ya Pedi kwa Bibi Nyirabahizi

Gozbert alimwamkia vizuri Bibi Nyirabahizi, abiria wa kando yake garini, ndipo akaicheka Xbox, mashine ya michezo ya video, aliyokuwa ameipakata.

"Bibi, huku sote tunacheza PS. Hiyo CD zake utaazima kwa nani?"

"Nimeitoa kwa fundi tu, na wajukuu hawalalamiki. Kwangu anayeshinda ndiye anayeachia pedi ya kuchezea, akapalilie migomba."

Gozbert alishika kichwa. Kwenye kibanda cha michezo cha kwao huinuka aliyefungwa. "Sasa nani atakubali kushinda?"

"Hakuna. Wiki ya tatu sasa ni bila bila."

"Huo si mpira, Bibi. Mimi ningewafunga kumi kumi."

"Kumi?" Bibi alitazama nje, magugu yalivyoota kwenye migomba.

Gari liliposimama Mugoma, kwao Bibi, Gozbert, aliyelipa nauli ya mbali zaidi, ndiye aliyeshuka nyuma yake akiibeba Xbox.