Virginia Ruguru Njoka na Paka wa Soko la Kiritiri

"Sasa mama amelala, wale paka wake wanabaki na nani?" Hivyo ndivyo Bwana Bundi wa buchari alivyouliza wiki hii kwenye mkutano wa matanga, watu wakatazama chini, mmoja akanong'ona kwamba sumu ipo, na mkutano ukafungwa kwa maombi. Kwa maombi, jamani!

Marehemu Virginia Ruguru alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 hapa karibu na Kiritiri, binti wa Mzee Njagi na Mama Kagure, akasoma hadi darasa la saba mwaka wa 1975, akapika katika shule moja ya Embu kuanzia 1982, na kuanzia 2009 hadi alipostaafu mwaka wa 2018 akapika katika hosteli ya wanafunzi kule Nchiru. Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na marehemu Njoka, wakabarikiwa na Gachoki, na baada ya miaka mingi, wakati hakuna aliyetarajia tena, wakampata Ciku, ambaye ndiye anayewasomea haya.

Huko Nchiru wanafunzi hufuga vipaka muhula ukianza na kuwaacha muhula ukiisha, nao huzaana nyuma ya jikoni kama magugu. Virginia hakuwapenda paka, tuseme ukweli mbele ya Mungu, hakuna hata mmoja aliyewahi kulala nyumbani kwake, lakini Daktari Mwendwa wa mifugo alipokuja na vijana wa kujitolea kuwafunga paka uzazi bila malipo, Virginia aliacha sufuria motoni akaenda kuwashikia. Kwa nini? Familia imejiuliza mpaka leo.

Mwaka wa 2019 aliwaleta daktari huyo na vijana wake hapa, katika ukumbi wa kanisa, yeye mwenyewe akiwanasa paka wa soko kwa mitego ya waya na chambo cha dagaa wa omena, na kila paka aliyefanyiwa upasuaji alikatwa ncha ya sikio la kushoto akiwa bado usingizini, ili asirudishwe mezani mara ya pili. Sasa, Mmbeere wa hapa kwetu akiona sikio la mbuzi limekatwa anajua nini? Anajua mbuzi huyo ana mwenyewe. Haukupita mwezi, Bwana Bundi akaja ameshika miguu ya kifaranga aliyekufa, akisema, "Mama Gachoki, paka wako amenimalizia kuku, alama yako nimeiona sikioni mwake." Virginia akamjibu kwamba sikio la paka alikata yeye, lakini meno hakumpa, kisha akaingia bandani akamtolea kifaranga mwingine.

Kuanzia siku hiyo paka wote wa soko wakawa wake, na malalamiko yote yakaja mlangoni kwake. Ciku alimsihi awaeleze watu kwamba alama hiyo inasema tu huyu hatazaa tena, akabishana naye kama anavyobishana chuoni, na mama akajibu, "Mnyama aliye na mwenyewe hapewi sumu, wewe mtoto," akaendelea kuchambua maharagwe. Ciku hakuelewa, mpaka mkutano wa wiki hii.

Tarehe 2 Agosti 2025 alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitalini Embu, akawa anamuuliza Gachoki kama yule paka jike mwenye mkia mweusi, wa pale kwa mama wa mandazi, ameshanaswa, na Gachoki, asijue anaulizwa nini, akasema ndiyo. Alituacha alfajiri ya tarehe 11 Agosti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea kuni na maji, wenzake wa jikoni waliosafiri kutoka Nchiru, na Daktari Mwendwa na vijana wake. Mama, pumzika kwa amani, kazi yako tumeiona hata kama hatujaielewa.

Na wewe Bwana Bundi, pamoja na wote wa sokoni, mliuliza swali na jibu ni hili: paka wale sasa ni wa Ciku, kifaranga akiliwa njooni kwake, na tafadhali, sumu msiweke.