Dada Sajili Anakabidhi Simu Yake

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Dada Sajili anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya lifti kwa miaka thelathini na miwili. Wengi wenu hamlijui jina lake la kwenye hati ya mshahara, na hamkuwahi kulihitaji. Kila mwenye simu ya kampuni, kuanzia fundi anayetoka kwenye shimo la lifti na grisi mpaka viwikoni hadi meneja mkuu ambaye kwa umri anamzidi, amewahi kuketi mbele ya meza yake, akasajiliwa, na akainuka akimwita dada.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ndiye ninayerithi kiti chake. Tumekaa chumba kimoja miaka mingi, pale ghorofa ya kwanza, kwenye dirisha lisilofunguka na ile feni inayogeuka upande mmoja tu, upande wake. Kiti chenyewe kinaelemea kushoto. Ameniambia nisikitengeneze, nitakizoea. Feni hakuitaja, nami nimenyamaza, maana subira huvuta heri.

Alianza kazi kama opereta. Enzi hizo mtu akikwama ndani ya lifti alibonyeza kitufe chekundu, na simu ikalia mezani kwa opereta. Waliomtangulia walipokea kwa maswali: jengo gani, ghorofa ya ngapi, mko wangapi. Yeye aliona kwamba mtu aliyefungiwa ndani ya sanduku la chuma hana haja ya maswali, ana haja ya kujua kama upande wa pili kuna binadamu. Akaanza kupokea kwa maneno yake mwenyewe: "Tumekusikia. Usikate simu. Tunakuja." Baada ya hapo ndipo alipouliza jengo. Maneno hayo yamebandikwa ukutani kwenye chumba cha dharura hadi leo, na vijana wa zamu wanayasema kila siku bila kujua yalitoka kinywani mwa nani. Sasa mnajua.

Simu za mkononi zilipoingia, wakubwa walimpa yeye kazi ya kuzigawa, kwa hoja kwamba opereta ni mtu wa simu. Ni sawa na kumpa mpishi shamba kwa kuwa anajua mboga. Lakini mpishi wetu alilima. Alikwenda masomoni jioni akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanahesabu wajukuu, akarudi na cheti, na akakitia kwenye droo pamoja na vijiko vya chai.

Miaka ya mwanzo ilikuwa vurugu. Simu moja ilitumbukia shimoni ikawa inalia huko chini mpaka wapangaji wakadhani jengo lina mashetani. Nyingine ilionekana kwa shemeji wa mtunza ghala, anaifanyia biashara ya kuku, na wateja wetu wakipiga kuulizia lifti wanaambiwa bei ya jogoo. Ndipo kampuni ikanunua mfumo wa kusimamia vifaa. Kwa wageni wetu wa leo nieleze: simu ya kampuni hufutwa ikawa tupu, ikaskaniwa ile picha ya vijimraba, ikaandikwa jina la atakayeitumia, na kuanzia hapo ofisi inaweza kuitia programu za kazi, kuifunga ikiibiwa, na kuifuta tena ikibidi. Ukisema hivyo ni maneno matatu. Kuwafanya mafundi wakubali ilikuwa shughuli pevu.

Uvumi ulitangulia mfumo. Ilisemekana kwamba Dada Sajili atakuwa anatuona kupitia kamera hadi bafuni. Fundi mkuu, mtu asiyeogopa kuning'inia ghorofa ya kumi na nne kwa mkanda, alikuwa akifika nyumbani anaitia simu ndani ya soksi. Dada alimwita, akamvutia kiti, akamgeuzia kompyuta yake aone mwenyewe kile anachokiona yeye: aina ya simu, chaji iliyobaki, programu za kazi, na mahali simu ilipo saa za kazi. Fundi mkuu alikagua muda mrefu, kisha akasema kwa upole kwamba kamera haina neno, ila hicho cha mwisho mkewe asije akakiona. Wiki hiyo hiyo mafundi wote walisajiliwa.

Kuna jambo moja alilifanya ambalo halimo kwenye mwongozo wowote. Hakuwahi kufuta simu ya mtu kabla ya kumwuliza: "Humu kuna nini utakachokikumbuka?" Watu walicheka, wakasema hamna kitu, futa tu. Naye hakufuta. Alisubiri. Taratibu mtu alianza kupekua, na cheko likapungua. Mtunza ghala alikuta picha ya binti yake asiye na meno ya mbele. Dereva mmoja alikuta ujumbe wa marehemu baba yake, ambao wote ulikuwa wa kumkumbusha kufunga geti. Dada aliwahamishia kimoja kimoja, hata kama foleni imefika kwenye ngazi na watu wanaguna. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioguna.

Ila katika kanuni moja alikuwa jiwe: anayeondoka anaacha simu na namba. Kanuni hiyo aliitunga yeye mwenyewe, baada ya afisa mauzo mmoja kuhama na namba yake na wateja wetu wote ndani yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyesalimika. Meneja mkuu aliyepita, siku zake za mwisho, alishuka mwenyewe hadi chumbani kwetu kuomba abakishiwe namba, kwa kuwa ameizoea na jamaa zake wote wanayo. Dada alimchemshia chai, akamwuliza swali lake la siku zote, akamhamishia picha za wajukuu, kisha akaifuta simu mbele ya macho yake na namba akampa mwingine. Mzee aliondoka. Alipofunga mlango, dada alisema kanuni ikipinda kwa mkubwa, kwa mdogo itavunjika.

Kuhusu simu yake mwenyewe, tulimtania sana. Ilikuwa moja ya zile za kwanza kabisa kununuliwa, nina maana ya namba, kwa kuwa chombo chenyewe kilibadilishwa mara nyingi. Ilikaa mezani uso juu, sauti juu. Kwenye mikutano, ambako sote tunaweka simu kwenye kikapu, naye aliweka yake kikapuni, kisha akachukua kiti cha jirani na kikapu. Tukasema dada ana mchumba. Alicheka pamoja nasi na hakukanusha. Na kampuni ilipohamia mtandao mwingine na namba zetu zote zikabadilika, yeye alipambana na wakubwa kwa barua na kwa miguu mpaka yake ikahamishwa kama ilivyo. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akipaza sauti kazini. Tukasema dada amezidi ubishi.

Alhamisi iliyopita, baada ya chai ya saa nne, alisogeza kiti chake kinachoelemea hadi mezani kwangu, akaiweka simu ile mbele yangu. Alisema mrithi wa kiti ndiye anayepaswa kumfuta. Nikadhani anatania. Alikuwa ameshaondoa akaunti yake. Basi, kwa kuwa ndivyo alivyonifundisha, nikamwuliza: "Humu kuna nini utakachokikumbuka?"

Akajibu, "Humu hamna kitu. Ni namba tu."

Nikasubiri, kama alivyokuwa akisubiri yeye, mpaka akanisimulia.

Dada Sajili ana mdogo wake, kitinda mimba, aliyeachwa mikononi mwake mama yao alipofariki. Alimlea, akamsomesha ufundi wa kuchomelea vyuma, na kijana alipopata kazi ya ujenzi nchi ya mbali akamsindikiza hadi stendi. Njia nzima alimkaririsha namba hii, kama watoto wanavyokaririshwa jedwali la kuzidisha, mpaka kijana akaanza kuiimba kwa kumkejeli dada yake. Na kumbe kejeli ilisaidia. Huko aliko kazi ni za kuhama, leo daraja, kesho ghala, na simu huwa za kuazima au huibiwa. Ila kila alipopata simu mkononi, hata baada ya mwaka mzima wa kimya, kichwani mwake mlikuwa na namba moja tu. Mara ya mwisho alipiga mwaka juzi. Alisema, "Dada, ni mimi, sina muda, nitapiga tena," laini ikakatika. Namba aliyoitumia haikupokelewa tena. Dada amewauliza wote wanaoweza kuulizwa. Hajui yuko wapi. Anachojua ni kwamba mdogo wake akiwa hai na akashika simu, atabonyeza tarakimu zile zile.

Nilimwambia nitakwenda kwa meneja mkuu sasa hivi, hili halihitaji hata barua. Akanishika mkono. Akasema, "Mzee wa watu alishuka ngazi hizi kuniomba nikamkatalia, leo nijipe mimi?" Kisha akacheka kicheko chake kifupi na kusema, "Mkuki kwa nguruwe." Hakumalizia. Alichoniomba ni kidogo, na hakikuvunja kanuni yoyote: namba ile nimpe mtu asiyepuuza namba ngeni.

Nikaifuta. Alikuwa ameuweka mkono wake juu ya meza, karibu na simu bila kuigusa. Kioo kikawa cheupe, halafu kikaandika "Karibu", kama kinavyomwandikia mtu yeyote. Dada akarudi mezani kwake, akaanza kufuta vumbi kwenye feni. Nimefanya kazi hii muda mrefu na sijawahi kuona simu nzito kama ile.

Haya nimeyaandika kwa ruhusa yake. Nilipomwuliza kama atakubali yatangazwe mbele ya wafanyakazi wote, alifikiri, akasema, "Andika. Huenda jarida letu likamfikia mtu anayemjua."

Ila linalofuata hajaambiwa. Dada, tulia kitini, usiniangalie hivyo.

Mfumo haukubali simu isiyo na mwenyewe, utaifunga. Lakini zipo simu ambazo wewe mwenyewe uliziwekea kundi lao, zinazosajiliwa kwa chumba na si kwa mtu: zile za chumba cha dharura, zinazopigiwa na waliokwama. Kanuni zake uliziandika kwa mkono wako. Haziondoki kwenye chaji. Hazizimwi sauti. Usiku na mchana kuna mtu wa zamu wa kuzipokea, na hapewi mtu mmoja akaondoka nazo. Jumatatu nimeisajili namba yako humo, na kwenye nafasi ya maelezo nikaandika: simu ya mdogo wetu. Meneja mkuu alisoma kanuni zako mara mbili akitafuta tulipokosea. Hakupaona, akasaini, na akaniuliza kijana anaitwa nani ili naye ajue.

Wote wa zamu wameshaelezwa, na fundi mkuu ameapa kuwakumbusha kila wiki, na fundi mkuu akikushika sikio hakuachii. Namba ngeni yoyote ikiingia kwenye simu ile, anayepiga asiulizwe yuko wapi, asiulizwe nani anaongea, laini isije ikamkatikia tena katikati ya maswali. Aambiwe kwanza: "Tumekusikia. Usikate simu. Dada yupo." Kisha aunganishwe na namba yako ya nyumbani, saa yoyote itakayokuwa. Laini ikikatika, mtu wa zamu ataipigia namba ile mpaka ipokelewe.

Hatuwezi kukuahidi kwamba atapiga. Laiti tungeweza, tungekuaga kwa hilo badala ya saa ya ukutani, ambayo utaipokea muda mfupi ujao na tunaomba ujifanye umeshangaa.

Kampuni inakushukuru kwa kila simu iliyopita mikononi mwako, na kwa kila picha ya mtoto asiye na meno ambayo ingepotea. Mimi nakushukuru kwa kunifundisha kusubiri jibu. Tayari nimeanza kukukosa, na bado umekaa pale mstari wa mbele. Nikiingia Jumatatu ijayo nikakuta feni inageukia kiti chako na wewe hupo, sijui nitaigeuza au nitaiacha.

Tunakutakia miaka mingi yenye afya, usingizi wa kutosha, na asubuhi zisizo na foleni. Nenda kapumzike, dada. Ikilia, tutapokea.