Kasilda Ntirandekura, Aliyeweka Kila Kitu kwa Ajili ya Siku Nyingine

Wasifu huu unasomwa na Kastori, mdogo wake marehemu, kwa niaba ya familia. Makebuko, Jumamosi tarehe 20 Julai 2024.

Padri, wazee, majirani, ndugu mliotoka Muyinga na mliotoka Gitega mjini, tunawashukuru kwa kufika.

Marehemu Kasilda Ntirandekura alizaliwa tarehe 11 Machi 1967 Buhinyuza, mkoani Muyinga, mtoto wa kwanza wa wazazi wetu. Mwezi wa tano mwaka 1972 wazazi walivuka mpaka kwa miguu kuingia Tanzania wakikimbia mauaji, yeye akiwa na miaka mitano na mdogo wake Zawadi akiwa mgongoni kwa mama. Chakula kiliwaishia porini na Zawadi akafariki kabla hawajafika kwa watu. Mimi nilizaliwa baadaye, kambini, kwa hiyo habari hizo nilizisikia kwa dada. Hakusimulia habari za askari wala za moto. Alisimulia tu kwamba mama alikung'uta mfuko wa unga, akaupindua nje ndani, akaukung'uta tena.

Alikulia kambini hapo, Ulyankulu, mkoa wa Tabora, na hapo ndipo aliposoma hadi kumaliza darasa la saba mwaka 1982. Wenzake wanamkumbuka kwa penseli. Ikibaki kipisi kisichoshikika, alikifunga kwenye kijiti akaendelea kuandika, na daftari la muhula mmoja lilimfikisha mwisho wa mwaka. Mwalimu alimsihi aandike herufi zinazoonekana. Alikubali kwa adabu, na hakubadilika.

Tarehe 27 Agosti 1988 alifunga ndoa kanisani na Egidius Bigirindavyi, mzaliwa wa hapa Makebuko, ambaye naye alikulia ukimbizini. Mungu aliwajalia watoto watatu. Walilima tumbaku na mahindi, na mwaka 2009 walirejea Burundi, wakapewa na ndugu zake Egidius kipande hiki cha shamba tulichosimama juu yake. Marehemu alilima maharagwe na viazi vitamu, na alikuwa fundi wa kutia viraka nguo za mtaa mzima. Uzi aliupata kwa kufumua magunia.

Ndugu zangu, mliomjua mnajua alivyoishi, na familia haitaki kulificha. Njiti ya kibiriti aliipasua kwa wembe zikawa mbili, na hata hiyo aliiwasha kama jirani hana kaa la moto la kumgawia. Majani ya chai aliyaanika juu ya bati yakapikwa tena. Viatu vya kanisani vilikwenda mkononi mpaka mlangoni pa kanisa. Taa ilizimwa watu wakiwa bado wanakula, kwa maelezo kwamba kila mtu anajua mdomo wake ulipo. Chumvi aliiyeyusha kwenye maji na kuipima kwa kijiko. Siku moja shemeji Egidius alithubutu kulalamika: "Mama Vumilia, maharagwe haya hayana chumvi." Dada akamjibu, "Imo. Tafuna polepole utaikuta." Shemeji anasema aliitafuta miaka thelathini na sita.

Aboubakar, mwenye duka hapo sokoni, alimkatia vipande vya sabuni mpaka akachoka. "Mama Vumilia, sabuni iko mingi," alimwambia. "Beba moja mzima. Ao hivi vipande vyako we unavikula?" Watu walicheka, na dada alicheka nao. Kisha akasema, "Nikatie kidogo."

Lakini hakuwa mchoyo, na hilo naomba mtu asiondoke hapa bila kulisikia. Novemba 2017 mvua ya mawe ilipopiga mashamba ya kilima hiki, alifungua ghala lake la maharagwe akagawa nyumba kwa nyumba. Jirani yetu Nuru yupo hapa leo. Jana usiku aliniambia: "Mi sikumuomba kitu. Alikuja yeye mwenyewe na kikapu kichwani, akasema, pika, watoto wasilale hivyo. Na yeye kwake siku ile walikula viazi vitupu, mi najua, nilipita." Kunyima alijinyima yeye, na waliokuwa ndani ya nyumba yake.

Februari 2023 alipimwa Gitega mjini akakutwa na presha ya juu. Alipewa vidonge, akaelezwa kwamba atameza kimoja kila siku maisha yake yote. Desemba ya mwaka huo alikwenda kukaa kwa binti yake mkubwa, Vumilia, Muyinga mjini. Vumilia alimwekea kidonge kiganjani kila asubuhi na kusubiri mpaka ameze. Presha ilishuka. Muuguzi aliyempima alimpongeza, na dada akaanza tena kuimba akifua. Alikuwa akimtania binti yake: "Hapa kwako nakula dawa kama karanga."

Alirudi Makebuko mwezi wa pili mwaka huu. Vumilia aliendelea kutuma vidonge kila mwezi kupitia wasafiri, akijua mama anameza.

Shemeji Egidius ameniomba niyaseme haya jinsi yalivyokuwa. Alimuuliza mkewe, "Leo umemeza dawa?"

"Nimemeza juzi."

"Daktari alisema kila siku."

"Kila siku ni ya mgonjwa. Mimi leo siumwi. Siku nikiumwa kweli, si ndiyo nitakayozihitaji?"

Alimbembeleza, akamkaripia, akatishia kumpigia Vumilia simu. Dada alimwahidi kwamba atameza, na mbele yake alimeza. Shemeji akigeuka, hatujui.

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 6 Julai alikuwa uani anapepeta maharagwe. Ungo ulimponyoka. Egidius alimkuta amekaa chini, mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki, na wa kushoto unaokota punje moja moja zilizomwagika. Mafuta ya magari yalikuwa haba kama mnavyojua. Vijana wa kilima walimbeba kwa machela hadi barabara kuu, na gari lilipatikana jua likiwa limeshainama. Alilazwa hospitali Gitega.

Hakusema tena. Alitutambua wote, na macho yake yalifuata kila aliyeingia. Vumilia alikuja kutoka Muyinga na kumpikia uji wenye maziwa na sukari. Dada alipokea vijiko vichache, kisha akakisukuma kikombe kwa mkono ule mzima na kumnyooshea Egidius. Egidius alimwambia, "Kula, Mama Vumilia. Upo mwingine, angalia, chupa imejaa." Akaifungua chupa akamwonyesha. Dada aliitazama, akakisukuma kikombe tena. Ilikuwa hivyo kila mlo, na sisi tulikuwa tukilia koridoni na kurudi ndani tumejifuta. Alhamisi tarehe 18 Julai 2024, saa nne asubuhi, alikata roho akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Tulipohitaji nguo ya kumvika, Vumilia alifungua sanduku la bati chini ya kitanda. Kulikuwa na vitenge alivyomletea kwa miaka mingi, bado vimekunjwa kama vilivyotoka dukani, na blanketi ndani ya nailoni yake. Chini kabisa kulikuwa na vidonge vya presha, karatasi juu ya karatasi, vimefungwa kwa uzi wa gunia. Vingine muda wake wa kutumika ulikuwa umepita. Vumilia alikaa sakafuni.

"Baba, dawa zote hizi?"

Egidius alikaa chini kando yake. "Alikuwa anakuwekea wewe," alisema. "Aliambiwa kwamba ugonjwa huu hufuata watoto. Aliogopa siku yako itafika usizipate."

Tangu juzi watu wema wanatufariji kwamba marehemu ametuachia funzo. Tunawashukuru, lakini familia bado haijaliona. Tunaona sanduku tu. Dada yangu aliiogopa siku mbaya tangu akiwa na miaka mitano, akaiwekea akiba ya kila kitu. Ilipofika, akiba ilikuwa pale chini ya kitanda, na yeye akafa. Hatujui tumlaumu nani na hatutaki kumlaumu yeye.

Marehemu ameacha mume, Egidius, binti yake Vumilia na mumewe Ignasi, wa Muyinga, mwanawe Fredi, wa hapa Makebuko, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake. Ameacha pia kitinda mimba wake, Happy, aliyerudi Tanzania mwaka 2021. Siku anaondoka alimwambia mama yake, "Mama, nimechoka kuishi kama watu wanaojificha." Alikuwa akipiga simu Jumapili mchana, na mara ya mwisho alipiga kutoka Kahama, mwaka 2022. Mama yake aliizima simu siku nyingine zote ili chaji isiishe, akaiwasha Jumapili tu, akakaa nayo mapajani mpaka jioni. Kama Happy alipiga Jumatatu au Alhamisi, hatuna namna ya kujua. Tumetuma habari za msiba kwa kila tunayemfahamu kule. Hadi tunatoka nyumbani asubuhi hii, hakuna aliyejibu.

Mungu ampokee Kasilda, na ampe pumziko ambalo hapa duniani alijinyima.