Buibui Juu ya Boksi la Mama

BIRGITTE: Haloo? Nani mwenzangu?

ASGER: Mimi, dada, Asger. Habari za Odense?

BIRGITTE: Nzuri. Unapiga saa za kazi? Baba ana nini?

ASGER: Baba mzima kabisa! Nipo kwake, bustanini. Picha umeipata? Wewe ndiye mwalimu wa wadudu—

BIRGITTE: Buibui si mdudu, nikwambie mara ngapi? Ngoja niifungue... Ana milia?

ASGER: Kama punda milia. Mdogo, kama punje ya mchele. Nikisogeza kidole anageuka, ananikodolea macho. Halafu huyo, karuka!

BIRGITTE: Utando je?

ASGER: Hana. Anawanyatia nzi kama paka. Sema basi, ana sumu?

BIRGITTE: Mbona haraka? Wewe uliyekuwa ukitia minyoo mfukoni, leo unaogopa buibui?

ASGER: Si mimi. Kuna mgeni.

BIRGITTE: Mgeni gani?

ASGER: [mkwaruzo] ...mtandao wa huku...

BIRGITTE: Usinichezee na mtandao! Huyo buibui amesimama juu ya boksi. Mwandiko ni wangu: "Nguo za mama." Nililipandisha darini mwenyewe, wiki ya mazishi. Linafanya nini nje?

ASGER: Tunasafisha safisha tu—

BIRGITTE: Na huo mkono dirishani, wenye futi ya kupimia? Mnauza nyumba.

ASGER: Nani kasema—

BIRGITTE: Mgeni ni mnunuzi! Basi mwambie ana sumu kali. Wamejaa ukuta mzima. Aondoke leo hii.

ASGER: Kweli?

BIRGITTE: Wewe mwambie tu.

ASGER: Gitte, nijibu. Mama wa watu kapanda juu ya kiti, kahawa inamwagika.

BIRGITTE: Ni mwanamke?

ASGER: Anaitwa Vibeke. Anauza miche ya maua pale sokoni. Anapima mapazia.

BIRGITTE: Mapazia ya nani?

ASGER: Yake. Na ya baba.

BIRGITTE: Tangu lini?

ASGER: Tangu Pasaka. Baba alisema atakwambia mwenyewe. Kila Jumapili anakupigia, mnaishia kuongelea mvua.

BIRGITTE: Na wewe kimya, kama si ndugu yangu! Anatafuta nini kwa mzee wa miaka sabini na nane?

ASGER: Sijui. Baba anakula siku hizi, hilo ndilo ninalolijua. Na boksi kalishusha yeye, anataka uje uchague— Ngoja! Baba kamchukua buibui kiganjani. Anamwonyesha. Huyo mama kashuka kitini... Unawasikia?

BIRGITTE: Nasikia mtu anacheka.

ASGER: Ni baba.

BIRGITTE: Boksi lirudi darini. Mtu asiliguse mpaka nifike.

ASGER: Litarudi. Na sumu?

BIRGITTE: Hamdhuru mtu. Ni buibui mrukaji, kila ukuta wenye jua anao. Nilikudanganya.

ASGER: Nilihisi.

BIRGITTE: Jumamosi nakuja, nimwangalie kwa macho yangu.

ASGER: Buibui?

BIRGITTE: Buibui nimeshamjua. Huyo mwingine.

ASGER: Njoo, ila usimhoji kama— Eh, chaji inakata, dada! Haya, kwaheri, kwa—

BIRGITTE: Subiri! Kwao wapi? Aliwahi kuolewa? Mume huyo alikwenda wapi? Asger? Haloo?